Kwelea kwelea hasomi kalenda, Simiyu ijipange kwa mvua

KATIKA vijiji vingi vya Bariadi, mwanafunzi akikosekana darasani wiki nzima wakati mtama unakomaa, mwalimu hana haja ya kuuliza sana. Mtoto yuko shambani, juu ya dungu, debe bovu mkononi, anaamia ndege. Kazi huanza kabla jua halijatoka, hupoa kidogo mchana wa joto, kisha huanza upya alasiri hadi giza linapoingia, kwa sababu hizo ndizo saa ambazo kwelea kwelea hula kwa pupa.

Gharama ya mtoto huyo haionekani kwenye kitabu chochote cha hesabu. Haimo katika bei ya gunia la mtama sokoni, wala haitajwi pale mkulima wa Simiyu anapohimizwa kulima mazao yanayostahimili ukame. Hata hivyo, ndiyo gharama inayoamua kama ushauri huo utamnufaisha au utamfilisi.

Ushauri wenyewe si mbaya. Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 wenye wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, una watu zaidi ya milioni mbili kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022, na wengi wao wanaishi kwa jembe na mifugo. Mahindi yakikosa maji wiki mbili wakati wa kuchanua, mkulima hana chake. Mtama na uwele huvumilia. Ndiyo maana kila ukame unapopita, viongozi na mabwana shamba hurudia wimbo uleule: pandeni mtama.

Tatizo ni kwamba hindi limefungwa ndani ya maganda na punje yake ni kubwa kwa mdomo wa ndege mdogo. Mtama na uwele vimekaa wazi juu ya suke, punje zake zina ukubwa ambao kwelea kwelea anaumudu vizuri. Mkulima anayeacha mahindi kwa kuogopa jua anakuwa amejikinga na jua na papo hapo amefungua mlango kwa ndege. Kama mabadiliko ya tabianchi yanamlazimu abadili zao, basi yanamlazimu pia ajue ndege huyo anakuja lini.

Hapo ndipo penye kasoro kubwa. Mapambano dhidi ya kwelea kwelea yamezoea kufuata taarifa za uvamizi na mazoea ya miezi, wakati ndege mwenyewe hafuati mwezi wala tarehe. Anafuata mvua. Na mvua imeacha kushika miadi.

Ni vema kumfahamu adui kabla ya kumtangazia vita. Kwelea kwelea ana uzito wa gramu kati ya 15 na 20 tu. Hata hivyo anatajwa kuwa ndege wa porini mwenye idadi kubwa kuliko wote duniani, wakikadiriwa kufikia bilioni 1.5. Mmoja anaweza kula hadi gramu 10 za nafaka kwa siku. Gramu 10 ni kitu kidogo, lakini haba na haba hujaza kibaba. Kundi la ndege milioni moja linakula tani 10 kwa siku, yaani magunia 100 ya kilo 100.

Hesabu hiyo ikishushwa hadi kwenye kaya moja inaumiza zaidi. Mkulima aliyetarajia magunia 10 ya mtama, ambayo ni tani moja, anaweza kuyapoteza yote kwa siku moja kwa kundi la ndege 100,000. Kwa kipimo cha kwelea kwelea, hilo ni kundi dogo.

Safari za ndege huyu zina utaratibu ambao wataalamu wameufahamu tangu miaka ya 1970. Wakati wa kiangazi anaishi kwa mbegu kavu za majani ya porini zilizodondoka ardhini. Mvua ya kwanza ya maana ikinyesha, mbegu hizo zinaota zote kwa mpigo. Kwa mkulima hiyo ni neema. Kwa kwelea kwelea ghala limefungwa, na analazimika kuhama kwenda mahali ambako mvua ilitangulia na majani yameshatoa mbegu mpya. Wiki sita hadi nane baadaye, majani ya kule alikotoka nayo yakikomaa, anarudi nyuma akiifuata mvua, na anataga njiani.

Kutaga kwenyewe ni kwa kasi ya ajabu. Makundi makubwa hujenga viota kwenye miti ya miiba au matete, mayai huanguliwa baada ya siku 10 hadi 12, na ndani ya siku 40 hivi makinda yanajitegemea. Wazazi wanaweza kuhamia kwingine kulikonyesha baadaye na kutaga tena katika msimu uleule. Makinda yanayobaki hayana uzoefu wa kutafuta mbegu za porini, na shamba la mtama lililo jirani ndilo darasa lao la kwanza.

Kwa hiyo tarehe ya kwelea kwelea huandikwa na mvua. Mvua ikiwahi, naye anawahi. Ikichelewa, anachelewa. Ikikatika katikati, hesabu yote inavurugika, ya ndege na ya mkulima pia.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huiweka Simiyu katika ukanda wa Ziwa Viktoria, wenye vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei, huku Januari na Februari mvua ikipungua. Ndivyo inavyotarajiwa. Yaliyotokea miaka ya karibuni ni mengine. Vuli ya mwaka 2019 ilileta mafuriko katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki baada ya maji ya Bahari ya Hindi upande wa magharibi kupata joto kupita kawaida, na Mei 2020 Ziwa Viktoria likapanda hadi kina ambacho hakikuwa kimewahi kurekodiwa. Kisha ikaja La Niña, na vuli za mwaka 2021 na 2022 zikawa dhaifu sehemu nyingi. Mwaka 2023 El Niño ikarudisha maji kwa fujo.

Ndani ya miaka mitano, mkulima ameona mvua iliyowahi na kuzidi, iliyochelewa, na iliyoanza ikakata. Hiyo ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote kwa upande wa ndege. Mvua ya kwanza inapodanganya, baadhi ya wakulima wa Dutwa au Nkololo hupanda na mimea yao hunyauka, wengine husubiri, wengine hupanda mara ya pili. Mashamba ya kijiji kimoja yanakomaa kwa kupishana wiki tano au sita. Kwelea kwelea anapata karamu ndefu, akila hapa leo na pale juma lijalo.

Shamba likikomaa peke yake, ndege wote wa eneo hilo wanalihamia. Mashamba mia yakikomaa pamoja, ndege walewale wanagawanyika na kila mkulima anapoteza kidogo. Huo ni ukweli ambao hauhitaji sumu wala ndege ya kunyunyizia. Unahitaji mbegu ifike mapema na kijiji kikubaliane siku.

Jambo hili si la Simiyu peke yake. Januari 2023, baada ya ukame mrefu, kwelea kwelea walivamia mashamba ya mpunga katika Kaunti ya Kisumu nchini Kenya, upande wa pili wa ziwa lilelile. Taarifa za wakati huo zilitaja ndege milioni sita, ekari 300 za mpunga zilizoharibiwa na nyingine 2,000 zilizokuwa hatarini. Chanzo kilichotajwa kilikuwa ukame: majani ya porini yalikosa mbegu, ndege wakaona mpunga ndio chakula pekee kilichobaki.

Ulaya nako ndege wamebadili ratiba, ingawa huko kinachowasukuma ni joto zaidi kuliko mvua. Ripoti ya hali ya ndege nchini Uingereza ya mwaka 2017 ilionesha kuwa mbayuwayu wanawasili siku 15 mapema kuliko miaka ya 1960. Ndege wa jamii hiyohiyo ndio wanaoonekana wakiruka juu ya mashamba ya Tanzania kuanzia Septemba hadi Aprili. Nchini Uholanzi, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionesha kuwa ndege mmoja mdogo anayehamia Afrika Magharibi alipungua kwa takribani asilimia 90 katika misitu ambako viwavi, chakula cha makinda yake, walikuwa wakitoka mapema zaidi kuliko yeye alivyoweza kurudi. Alishika tarehe ya zamani wakati chakula kilikuwa kimehamia tarehe mpya.

Simiyu nayo ina wageni wa namna hiyo, na hawa ni marafiki. Korongo weupe kutoka Ulaya, na korongo wa Abdim wanaozaliana kaskazini mwa ikweta, hushuka Afrika Mashariki msimu wa mvua unapoanza. Katika maeneo mengi ya Afrika korongo wa Abdim anaheshimiwa kama mleta mvua. Kwa mkulima ana faida nyingine kubwa kuliko utabiri: anakula panzi na viwavijeshi kwa wingi, wakati hasa mimea ikiwa michanga. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mvua inapoanza nje ya wakati wake, viwavijeshi huweza kutoka kabla mgeni huyo hajafika au baada ya kuondoka, na mkulima analazimika kununua dawa kufanya kazi ambayo ndege aliifanya bure.

Kwa msingi huo, kupambana na kwelea kwelea kwa papara kuna hasara mbili. Sumu inayotumika zaidi kwa ndege hawa ni fenthioni, inayomwagwa kwa ndege jioni juu ya miti wanayolala au juu ya viota. Inaua kwelea kwelea, lakini inaua pia mwewe, bundi na korongo wanaolala hapo au wanaokula mizoga. Mkoa unaopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na wenye Pori la Akiba la Maswa hauwezi kulichukulia jambo hilo kama dogo. Utalii ni biashara, na ndege ni sehemu ya bidhaa.

Tena sumu hiyo haitapatikana kirahisi siku zote. Mei 2025, nchi wanachama wa Mkataba wa Rotterdam zilikubaliana kuiingiza fenthioni ya aina hiyo, iliyokolea kwa ajili ya kunyunyizia, katika orodha ya kemikali ambazo nchi haipelekewi bila kuridhia kwanza. Hatua hiyo si marufuku. Ila ina maana kwamba anayesubiri hadi mtama uliwe ndipo aanze kuagiza, atakuwa anaagiza kwa ajili ya msimu ujao.

Kusubiri ndiyo desturi iliyopo. Mkulima anawaona ndege, anamwambia mtendaji wa kijiji, taarifa inapanda kwa ofisa ugani wa kata, inafika halmashauri, inaandikwa barua kwenda juu hadi kwa wenye mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, ambao makao yao yako Arusha. Ndege za kunyunyizia nazo zinahitajika mikoa mingine yenye mtama na mpunga kwa wakati uleule. Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani Afrika Mashariki, ambalo Tanzania ni mwanachama, linahudumia nchi kadhaa. Barua ikitumia wiki tatu, zaidi ya nusu ya siku zile 40 za kuzaliana zimeshakwisha. Rubani anaweza kufika akakuta viota vitupu. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

Kinachotakiwa ni kuhamisha tarehe kutoka kwenye kalenda ya ofisi na kuiweka kwenye kipimo cha mvua. Kila kata ya Bariadi, Itilima, Meatu, Maswa na Busega inaweza kuwa na kipimo cha mvua kinachosomwa na mwalimu, mkulima au mtendaji aliyefundishwa. Siku mvua ya kwanza ya kuotesha majani inapoandikwa, hesabu ya wiki sita inaanza. Ikifika, vijana wa kijiji wanatumwa kuangalia miti ya miiba, matete na mabonde ambako ndege hujenga. Taarifa inapelekwa kwa simu siku hiyohiyo, ikiwa na mahali na ukubwa wa eneo.

Hilo halina ugeni kwa Tanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanakijiji wilayani Kilosa walipewa mitego ya nondo na vipimo vya mvua, wakawa wanatabiri wenyewe viwavijeshi na kutangaziana kijijini kwao, badala ya kungoja utabiri wa mbali. Kama kijiji kinaweza kutabiri kiwavi, hakishindwi kumtabiri ndege anayeonekana kwa macho angani kama wingu. Sayansi ya kusaidia ipo pia. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Robert Cheke wa Chuo Kikuu cha Greenwich, Uingereza, walichapisha njia ya kutumia taarifa za mvua kutoka setelaiti kutabiri maeneo ambayo kwelea kwelea wangeweza kuzaliana kusini mwa Afrika. Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya kwelea kwelea ni mvua.

Jambo la pili ni kupanda pamoja. Utabiri wa vuli hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla msimu haujaanza. Huo ndio wakati wa kijiji kukaa, kuchagua mbegu moja inayokomaa kwa siku zinazolingana, na kukubaliana kutopanda kwa mvua ya kwanza yenye mashaka. Viwanja vya Nyakabindi, vilivyobeba maonesho ya Nane Nane kitaifa mwaka 2018, 2019 na 2020, ni mahali pafaapo kuonesha kwa vitendo tofauti ya mashamba yaliyokomaa pamoja na yaliyopishana.

La tatu ni soko. Mtama mwekundu wenye ukakasi hauvutii ndege sana, lakini wanunuzi wengi wanataka mtama mweupe, kama Macia, ambao ndege nao wanaupenda. Mnunuzi anayetaka mtama mweupe anajua fika kuwa hatari yote inabaki kwa mkulima. Mkataba wa haki ungeitambua hatari hiyo, ama kwa bei, ama kwa kuchangia ulinzi wa mashamba katika wiki za kukomaa. Bila hivyo, kiwanda kinapata punje nyeupe kwa gharama ya shule ya mtoto.

La nne ni kutumia mikono kabla ya sumu. Wilayani Kondoa, mkoani Dodoma, wenyeji hunasa kwelea kwelea kwa mitego na nyavu, wakawala na kuwauza. Kwa njia hiyo hasara inageuka kitoweo na fedha, mradi ndege wawe hawajanyunyiziwa dawa. Nyavu haziwezi kumaliza kundi la mamilioni, lakini zinaweza kupunguza kundi dogo karibu na kijiji bila kumgusa korongo.

La tano ni majani. Kwelea kwelea hupendelea mbegu za porini na huvamia mazao zinapokwisha au zinapokosekana. Wasukuma wana ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili yasaidie kiangazi. Chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986, wakati Bariadi, Maswa na Meatu zikiwa ndani ya mkoa wa Shinyanga, ngitili zilipanuka kutoka hekta 600 hivi hadi zaidi ya hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ardhi yenye majani yaliyoachwa yakatoa mbegu inalisha ng'ombe, na pia inampa ndege chakula kingine mbali na suke la mtama. Kila ngitili inayolimwa au kulishwa hadi udongo ubaki mtupu, inamsukuma ndege shambani.

Wapo watakaosema halmashauri hazina fedha za vipimo vya mvua na posho za vijana wa kukagua. Swali hilo lijibiwe kwa hesabu. Kipimo cha mvua ni chombo rahisi kinachodumu miaka. Saa moja ya ndege ya kunyunyizia inagharimu mafuta, rubani na sumu, na ikifika imechelewa hairudishi hata debe moja. Mkoa huu umeshaonesha kuwa unaweza kupata fedha kubwa kwa ajili ya tabianchi: mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha mradi wa kuleta maji ya Ziwa Viktoria hadi Bariadi na wilaya jirani. Mkoa uliofikiria maji ya kunywa kwa upana huo unaweza kutenga kiasi kidogo kwa ajili ya punje ambayo maji ya mvua yameshaikuza.

Wakati mtama wa mwisho unakomaa, pamba nayo, zao linaloipa Simiyu jina, inakuwa imeanza kupasuka na kuhitaji mikono. Kaya yenye watu sita haiwezi kuchuma pamba, kuamia mtama na kupeleka watoto shule kwa wakati mmoja. Ikilazimika kuchagua, shule ndiyo inayoachwa kwanza, kwa sababu haina mnunuzi anayesubiri.

Mvua haitarudi kwenye ratiba ya zamani kwa kuombwa, na kwelea kwelea ataendelea kuifuata popote itakapokwenda. Wenye dhamana ya kilimo mkoani Simiyu wanaweza kuanza msimu ujao kwa jambo moja dogo: kuandika siku mvua ilipoanza katika kila kata, na kuhesabu wiki sita. Mtoto aliye juu ya dungu pale Bariadi ameshajifunza hesabu hiyo kwa debe na fimbo. Ilipaswa kuwa kazi ya ofisi, naye awe darasani.